Ziwa Kivu: Boti ikivuta mpira wa watoto, ni nani anayeangalia nyuma?

Siku ya Jumapili, ziwa Kivu hubadilika sura. Siku nyingine za juma ni barabara ya wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa wanaotoka Minova, Idjwi au Kalehe kwenda Goma na Bukavu. Jumapili, baada ya ibada, kandokando ya maji hujaa vijana na watoto wanaokuja kuoga na kupumzika. Wenye uwezo hukodi boti ya injini. Na mahali palipo na boti, kamba na mpira uliojazwa upepo, wazo moja huja haraka: kufunga mpira nyuma ya boti, kupandisha watoto juu yake na kuondoka mbio.

Mchezo huo ni wa kawaida katika maziwa ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Wakongomani wanaoishi Canada, Marekani au Ufaransa huuona kila wakati wa joto, na video zake hufika katika simu za ndugu zao huku nyumbani. Kwa macho, unaonekana kuwa mchezo mwepesi: maji ni laini, mpira ni laini, watoto wanacheka.

Lakini mpira unaovutwa hauna breki wala usukani. Aliye juu yake hawezi kuamua chochote, isipokuwa kushika au kuachia. Usalama wake wote uko mikononi mwa watu walio ndani ya boti. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kukodi au nguvu ya injini, mzazi anapaswa kuuliza jambo moja: ndani ya boti hiyo, ni nani anayeangalia nyuma?

Mwendesha boti peke yake hatoshi

Mwendesha boti ana kazi ya kuangalia mbele. Kwenye Kivu kuna mitumbwi ya wavuvi, nyavu, boti za abiria, watu wanaoogelea, na upande wa Goma kuna mawe ya lava yanayoingia hadi ndani ya maji. Injini inanguruma nyuma ya mgongo wake. Hawezi kusikia mtoto anayelia mita 20 nyuma. Akigeuza shingo ili aone watoto, boti inaendelea kukimbia bila macho.

Hesabu yake ni rahisi. Boti inayokwenda kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 hivi kila sekunde. Mtoto akianguka na mwendesha boti akachelewa sekunde 10 tu kujua, tayari mtoto ameachwa zaidi ya mita 80 nyuma. Kwa umbali huo, kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kitu kidogo sana. Boti nyingine ikipita hapo, mwendeshaji wake hana sababu ya kudhani kwamba kuna mtu ndani ya maji.

Ndiyo maana nchi nyingi zinakataza kuvuta mtu bila mtu wa pili ndani ya boti, ambaye kazi yake ni kumtazama anayevutwa. Nchini Canada, sheria inadai awepo mwangalizi huyo mbali na mwendeshaji, na tena boti iwe na nafasi ya kukaa kwa kila mtu anayevutwa, ili akipatwa na shida aweze kupandishwa. Ni marufuku pia kuvuta mtu usiku. Ufaransa nayo inadai mtu wa pili wa kuangalia, na karibu na pwani, ndani ya mita 300, mwendo usipite mafundo 5, yaani kilometa 9 hivi kwa saa, isipokuwa katika njia zilizotengwa. Katika jimbo la California, Marekani, mwangalizi anapaswa kuwa na miaka 12 au zaidi, na mtu akianguka, bendera nyekundu au ya rangi ya machungwa huinuliwa ili boti nyingine zijue.

Kanuni hiyo haihitaji pesa, na inaweza kufuatwa Goma, Bukavu, Idjwi au Kalemie leo hii. Inahitaji mtu mzima mmoja mwenye akili timamu, anayekaa akitazama nyuma tangu boti inaondoka hadi inasimama.

Kazi ya mwangalizi

Mwangalizi si abiria. Hapigi picha, hajibu ujumbe, hanywi bia. Hili la simu linafaa kusemwa wazi, kwa sababu mara nyingi anayeangalia nyuma ndiye pia anayechukua video. Mtu anayetazama kioo cha simu anaona picha ndogo, na anapoteza muda wa kumwambia mwendeshaji asimame. Kama familia inataka video, mtu wa tatu aichukue.

Kwa vile sauti haisikiki, watu wa boti na wa mpira wanapatana kwanza juu ya ishara za mikono, wakiwa bado pwani. Ishara zinazotumiwa sana duniani ni chache. Kidole gumba juu: ongeza mwendo. Kidole gumba chini: punguza. Mkono unaopitishwa mbele ya shingo: simamisha boti. Mkono unaopigapiga kichwa: turudi pwani. Mtu aliyeanguka akiinua mikono yote miwili na kuikutanisha juu ya kichwa, anasema kwamba yuko salama. Asipofanya ishara hiyo, mwangalizi ahesabu kwamba kuna shida, na boti imrudie bila kuchelewa.

Watoto wafundishwe ishara hizo na kuzirudia mbele ya wakubwa. Mtoto ambaye bado hawezi kuonyesha ishara ya kusimamisha boti hajafikia umri wa kupanda mpira huo.

Mwangalizi pia ana haki moja ambayo mwendesha boti anapaswa kuikubali mapema: akisema "simama", injini inapunguzwa palepale, bila mabishano.

Jile ni ya kuvaliwa

Watu wa Kivu hawahitaji kufundishwa jinsi ziwa linavyoua. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe, rais Félix Tshisekedi alifika huko na kuagiza kwamba wasafiri wavae jaketi la kuokoa maisha, lile ambalo wengi wetu tunaita jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja. Makumi ya watu walikufa. Nchi kavu ilikuwa karibu, lakini haikuwasaidia.

Funzo hilo linahusu pia mchezo. Wapo wanaosema kwamba mtoto wao anajua kuogelea, au kwamba boti haitakwenda mbali. Anayeanguka kutoka kwenye mpira anapiga maji kwa nguvu, anaweza kumeza maji, kupoteza pumzi au kugongana kichwa na mwenzake. Kwa dakika ya kwanza, hata muogeleaji hodari anaweza kushindwa kutumia mikono yake. Jile ndiyo inayomshikilia juu mpaka boti irudi.

Jile iwe ya kipimo cha mwili. Namna ya kupima ni rahisi: mtoto akishaivaa na kufunga mikanda yote, mtu mzima aishike mabegani na kuivuta juu. Ikipanda hadi kwenye masikio au kidevu, ni kubwa mno, atakapoanguka itamtoka. Ile ya mtu mzima haifai kwa mtoto hata ikikazwa kwa kamba. Jile nyembamba zinazojijaza upepo zenyewe hazifai kwa mchezo huu, kwa sababu kuanguka kwa nguvu kunaweza kuzifungua au kuziharibu. Inayofaa ni ile ya povu. Bidoni tupu, ambayo watoto wetu wengi wamejifunzia kuogelea, si jile: inateleza mikononi mara mtu anapochoka.

Mpira na kamba

Mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvutwa ina kifuniko cha kitambaa kigumu, mishikio, na mahali maalumu pa kufungia kamba. Juu yake huandikwa idadi ya watu na uzito unaokubaliwa. Mpira wa watu wawili ni wa watu wawili, hata kama watoto wanne wanaenea.

Mpira wa ndani wa gurudumu la lori ni kitu kingine. Unafaa kuelea karibu na pwani, lakini haukuundwa ili uvutwe. Hauna mishikio, hauna mahali pa kamba, na chuma chake cha kujazia upepo kinaweza kuchana ngozi ya anayeanguka. Kamba ikizungushwa juu yake, inaukaza na kubana vidole vya aliyeushika. Asiye na mpira unaofaa aache kuvuta. Watoto waelee nao palepale pwani, wakiangaliwa.

Kamba nayo ina vipimo vyake. Kanuni za watengenezaji wa Marekani zinasema urefu wake uwe kati ya mita 15 na 20 hivi. Ikiwa fupi kuliko hapo, watoto wanakaribia injini na moshi wake. Moshi huo una gesi isiyonuka inayoweza kulewesha na kuua, na kwa sababu hiyo hakuna mtu anayepaswa kukaa au kuning'inia kwenye ukingo wa nyuma wa boti wakati injini inawaka. Ikiwa ndefu mno, mpira unatupwa mbali sana kwenye kona na ni vigumu kuuangalia.

Kuhusu nguvu, kamba ya kuvuta mtu mmoja iweze kuhimili kilo 680 kabla ya kukatika. Ya watu wawili, kilo 1,075 hivi. Ya watu wanne, kilo 1,860 hivi. Hesabu hizo zinashangaza, lakini mpira unaozama kidogo kwenye wimbi wakati boti inakaza kamba unakuwa mzito kupita uzito wa watu walio juu yake. Kamba ya kawaida ya kufungia mizigo sokoni haikupimwa kwa kazi hiyo.

Kamba inayonyumbuka ni hatari zaidi. Inapokatika, hurudi kwa nguvu kama fimbo na inaweza kumpiga mtu usoni. Kamba nzuri ni ile inayoelea, ambayo haivutwi chini na kuzunguka pangaboi, yaani helisi ya injini. Kila mara kabla ya kuondoka, mtu aipitishe yote mikononi: akikuta nyuzi zimekatika, fundo jipya au sehemu iliyoungua na jua, aiweke kando.

Kwenye boti, kamba ifungwe kwenye chuma imara katikati ya sehemu ya nyuma, au kwenye vyuma viwili vya pande zote kwa kamba inayogawanyika. Ikifungwa upande mmoja tu, inavuta boti pembeni. Ikifungwa kwenye kiti au kwenye nguzo ya hema, inaweza kung'oa kitu hicho. Na kwa walio juu ya mpira kuna katazo moja lisilo na msamaha: hakuna anayezungusha kamba mkononi, kiunoni au mguuni. Anayeshindwa kushika lazima aweze kuachia.

Mwendo na kona

Makampuni mengi yanayouza mipira hiyo yanaandika kwamba mwendo usipite kilometa 32 kwa saa kwa watu wazima, na kilometa 24 kwa watoto. Hiyo ni mipaka ya juu. Kwa watoto wadogo, nusu yake inatosha kuwafurahisha. Nguvu ya pigo haiongezeki polepole: anayeanguka kwa kilometa 40 kwa saa anapiga maji kwa nguvu mara nne kuliko anayeanguka kwa kilometa 20.

Jambo ambalo waendeshaji wengi hawalifikirii ni kona. Boti inapokata kona, mpira unatupwa upande wa nje na kuzunguka duara kubwa kuliko la boti. Kwa muda huo mpira unakwenda mbio kuliko boti yenyewe. Mwendeshaji anaona mwendo wake haujabadilika, kumbe mtoto aliye nyuma anarushwa kama jiwe kwenye kombeo. Watu wengi huanguka hapo. Tena, mpira unaotupwa pembeni unaweza kufikia mtumbwi, gati au mwamba ambao boti ilikuwa imeupita kwa mbali. Kabla ya kukata kona, mwendeshaji apunguze mwendo na ahakikishe kwamba upande wa nje uko wazi, si mbele yake tu.

Kuna pia wanaopenda kuona mpira ukiruka hewani. Mwaka 2006, nchini Marekani, mpira mmoja uliotengenezwa ili upae nyuma ya boti uliondolewa sokoni baada ya watu wawili kufa na makumi kuumia. Mpira unaopaa hauongozwi na mtu yeyote; upepo ndio unaoamua utaangukia wapi. Wetu ubaki juu ya maji.

Kumrudia aliyeanguka

Ajali mbaya zaidi inaweza kutokea wakati wa kuokoa. Mtoto yuko majini, kila mtu anapiga kelele, mwendeshaji anageuza boti kwa haraka na kumsogelea injini ikiwa inazunguka. Pangaboi haioneki chini ya maji, na hukata mwili kwa sekunde.

Utaratibu ni huu. Mtu akianguka, mwangalizi anapaza sauti na kunyoosha mkono kuelekea alipo, wala hamwondolei macho. Mwendeshaji anapunguza mwendo, anageuka polepole, na kumkaribia kwa upande ambao yeye mwenyewe anaweza kumwona. Akiwa bado mita kadhaa, anazima injini kabisa. Kuondoa gia peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kuigusa bila kukusudia. Ndipo aliyeanguka anapandishwa, na kamba inakusanywa kabla injini haijawashwa tena.

Injini nyingi za nje zina kamba fupi ya kuzimisha, ambayo mwendeshaji huifunga mkononi. Akianguka majini, kamba hiyo inang'oka na injini inazimika. Wengi huiacha ikining'inia kwa sababu inawasumbua. Lakini boti isiyo na mtu inaweza kuendelea kuzunguka mahali walipo watoto.

Ziwa letu lina mambo yake

Kanuni za Canada au Ufaransa hazisemi yote juu ya Kivu. Ziwa letu lina kina kinachofika karibu mita 485, na sehemu nyingi za pwani zinashuka ghafla: hatua chache kutoka kwenye mawe, hakuna mahali pa kusimama. Anayeanguka hawezi kutegemea miguu yake.

Asubuhi mara nyingi maji hutulia, upepo huja baadaye mchana. Mchezo ufanyike mapema na ukome upepo unapoanza, kwa sababu mawimbi yanaficha vichwa. Wakati wa mvua, ngurumo ya kwanza itoshe kurudisha kila mtu nchi kavu. Mashariki ya Kongo ni moja ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Jioni, wavuvi wa sambaza wanapotoka na nyavu zao, ziwa waachiwe wao.

Mahali pa kupumzikia napo pachaguliwe. Kati ya Goma na Sake kuna mashimo na mabonde madogo kandokando ya ziwa yanayokusanya mazuku, gesi nzito inayotoka ardhini. Haionekani, inakaa chini karibu na ardhi au maji, na hufika kwanza puani mwa mtoto, au mwa mtu aliyelala au anayeelea. Wakaaji wa jirani wanayajua mahali hapo. Waulizwe kabla ya kutandika mkeka. Boti ibaki mbali na njia za boti za abiria na mbali na mpaka wa maji na Rwanda.

Kwa ndugu wa ziwa Tanganyika, huko Uvira, Fizi na Kalemie, wanyama nao wahesabiwe. Mahali penye viboko au mamba, kama karibu na mlango wa mto Ruzizi, hakuna jile wala mwangalizi anayefanya mchezo huo uwe salama.

Maswali ya mzazi

Kabla mtoto hajapanda, mzazi ana haki ya kumuuliza mwenye boti, mbele ya watu wote: Ni nani atakayeangalia nyuma, na ameacha simu yake? Mtoto wangu anajua ishara ya kusimamisha boti? Jile yake imejaribiwa mabegani? Kamba ni ya kuvuta watu wangapi? Mwendeshaji amekunywa? Utazima injini wakati wa kumpandisha?

Jibu moja likikosekana, mtoto asipande. Atalia kidogo, pengine wenzake watamcheka. Apelekwe kuelea karibu na pwani mahali maji ni machache, mzazi akiwa amesimama hapo anamwona.